Pima Mradi Wako: Ni Lini Kazi Ndogo Inakuwa Biashara Kweli

Unauza chapati mbele ya nyumba, unashona nguo barazani, unafuga kuku uani, au unachukua mitumba sokoni Karume na kuizungusha maofisini. Wateja wapo, fedha inaingia kila siku, na mtaani wanakuita mfanyabiashara. Lakini mwezi ukiisha, ukitafuta ulichopata hukioni, na kila unapotaka kuongeza mzigo unalazimika kukopa. Hapo ndipo inabidi ujiulize swali gumu: hii ni biashara, au ni jasho linalozunguka bila kuacha kitu?

Mwongozo huu unakupa vipimo vitano vya kujibu swali hilo mwenyewe, nyumbani kwako, kwa kalamu na daftari. Msimamo wake ni mmoja. Mradi ni biashara pale wateja wanapolipia kila kitu unachokitumia, kazi ya mikono yako ikiwemo, kisha kikabaki kitu. Na pale unapoweza kulionyesha hilo kwa maandishi. Ubao wenye jina, leseni ukutani na kadi za mawasiliano vina nafasi yake, na nitaieleza. Lakini vyote hivyo unaweza kuwa navyo na bado usiwe na biashara.

Udogo si kasoro

Kwanza ondoa aibu. Sera ya Taifa ya Tanzania ya kuendeleza viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inaitambua shughuli ya mtu mmoja hadi wanne, yenye mtaji usiozidi shilingi milioni 5, kuwa biashara ndogo sana. Kuanzia watu 5 hadi 49, na mtaji wa hadi shilingi milioni 200, ni biashara ndogo. Kwa hiyo mama lishe mwenye jiko moja na msaidizi mmoja yumo ndani ya sera ya nchi kama alivyo mwenye kiwanda. Desemba 2018 Serikali ilipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, walengwa walikuwa watu ambao mauzo yao hayafiki milioni 4 kwa mwaka. Hata hao walihesabiwa.

Lakini pia usijifiche nyuma ya udogo. "Haka ni kabiashara tu" ni kauli inayowagharimu watu wengi, hasa akina mama, kwa sababu kila aisemaye huona hana haja ya kupiga hesabu. Aliye na mtaji wa laki moja ana haja kubwa zaidi ya hesabu kuliko mwenye milioni mia. Mwenye milioni mia akipoteza laki moja hatahisi. Wewe ukiipoteza umefunga.

Kipimo cha kwanza: je, bei yako inalipia kila kitu?

Tuchukue muuza chapati. Bei nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka za sokoni kwako.

Anakanda kilo 10 za unga na kupata chapati 110. Akiuza kila moja kwa shilingi 500, mauzo yake ni 55,000. Matumizi yake ya siku ni haya:

- Unga wa ngano, kilo 10: 20,000
- Mafuta ya kula, lita moja na nusu: 9,000
- Mkaa: 6,000
- Chumvi, sukari na maji: 1,500
- Karatasi na mifuko ya kufungia: 1,500
- Ushuru na pango la meza: 1,000

Jumla ni 39,000. Anatoa kwenye 55,000, anabaki na 16,000, na anaamini hiyo ndiyo faida. Wengi huishia hapo, na ndipo hesabu inapowadanganya.

Aliamka saa kumi alfajiri akakanda, akasukuma, akachoma, akauza mpaka saa tano asubuhi. Kama angeumwa na kumweka binti wa jirani afanye kazi hiyo yote, angemlipa kiasi gani? Tuseme 10,000. Hiyo ni gharama, iwe ameilipa kwa mtu mwingine au anajidai yeye mwenyewe. Sasa imebaki 6,000. Jiko la mkaa litatoboka, chuma cha kuchomea kitapinda, beseni litapasuka. Akiweka shilingi 500 kila siku kwa ajili ya vifaa vipya, imebaki 5,500. Watoto walikula chapati sita kabla ya kwenda shule na tatu zililala zikaharibika. Hizo tisa hazikuingiza kitu, na ni shilingi 4,500. Imebaki 1,000.

Chapati 110, na mradi wenyewe umepata shilingi 1,000. Sisemi hivyo ili kumkatisha mtu tamaa. Nasema kwa sababu mtu akiijua 1,000 hiyo anaweza kuishughulikia, na akiamini ni 16,000 atapanga maisha yake juu ya fedha isiyokuwepo.

Hesabu hii inakupa pia namba ya pili iliyo muhimu kuliko zote: gharama ya kitu kimoja. Chukua 39,000, ongeza 10,000 ya kazi na 500 ya vifaa, ugawe kwa 110. Kila chapati inamgharimu shilingi 450. Kwa hiyo anapomwambia mteja "chukua tatu kwa 1,200," anauza kila moja kwa 400, yaani anampa mteja chapati na shilingi 50 juu yake. Siku anayouza sana kwa bei hiyo ndiyo siku anayopoteza sana. Mtu asiyeijua gharama ya kitu kimoja hawezi kupunguza bei kwa akili, wala hawezi kukataa kuipunguza kwa ujasiri.

Ukikuta kinachobaki ni kidogo, anza na upande wa manunuzi kabla ya kugusa bei. Anayenunua mkaa kwa kopo hulipa zaidi kwa kiasi kilekile kuliko anayenunua gunia. Unga wa kupimiwa kwa kilo ni ghali kuliko wa mfuko wa kilo 25 au 50. Ufukara una gharama yake, na gharama hiyo imejificha kwenye manunuzi ya kidogokidogo. Shilingi za kwanza utakazoweka akiba ziende kwenye kununua kwa jumla kile unachokitumia kila siku na kisichoharibika haraka. Wawili au watatu mkichangia gunia moja mkagawana, mmeshusha gharama bila mkopo wowote.

Kipimo cha pili: je, fedha ya biashara ina mahali pake?

Hakuna kinachoua miradi midogo kama mfuko mmoja. Mauzo yanaingia humo, humo inatoka nauli ya mtoto, dawa ya bibi, mchango wa harusi, na kesho asubuhi humo humo inatafutwa fedha ya kununulia mzigo. Mtu wa namna hiyo hafanyi anasa yoyote. Anatimiza wajibu wake kwa familia. Lakini anakula mtaji bila kujua, na siku mtaji unapokatika anadhani amerogwa au soko limeharibika.

Tenganisha fedha kwa namna ambayo hata wewe mwenyewe itakuwa vigumu kuivunja:

1. Chukua laini ya pili ya simu au fungua akaunti kwa ajili ya biashara tu. Omba lipa namba kwa mtandao wako wa simu au benki yako, wateja walipe huko. Faida zake ni mbili: fedha haiingii kwenye simu yako ya kila siku, na kumbukumbu za miamala zinajiandika zenyewe. Baada ya miezi sita una taarifa ya kumwonyesha mkopeshaji bila kumbembeleza.

2. Jipangie ujira, ujilipe kwa wiki au kwa mwezi, siku ileile. Anza na kiasi kidogo ambacho mradi unaweza kukibeba. Ukishajilipa, fedha hiyo ni ya nyumbani, ifanye utakavyo. Iliyobaki si yako. Ni ya biashara.

3. Ukilazimika kuchukua zaidi, andika kama deni. "Nimechukua 20,000, hospitali." Usione ajabu kujidai mwenyewe. Ukiliona deni hilo limeandikwa, utatafuta namna ya kulirudisha, lisipoandikwa, limeshapotea.

4. Waambie watu wa nyumbani. Mume, mke, mama mkwe, kaka zako, wote wajue kwamba kopo la biashara haliombwi. Weka badala yake kiasi maalumu cha kusaidia ndugu kila mwezi, kitokane na ujira wako. Ukisema "mwezi huu fungu la msaada limekwisha, mwezi ujao nitaanza na wewe" unabaki na heshima yako na undugu unabaki.

Angalia kalenda pia. Ada na sare za Januari, Ramadhani na Idi, Krismasi: hizi zinajulikana mwaka mzima kabla hazijafika. Anayeziwekea akiba kwenye kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) au kwa mchezo wa upatu na wenzake tangu Juni hatafika Januari akiwa anauza cherehani.

Kipimo cha tatu: je, anayelipa ni mteja kweli?

Orodhesha watu kumi wa mwisho walionunua kwako. Wangapi ni ndugu, washirika wa kanisani au msikitini, au majirani walioona haya kupita bila kununua? Watu hao ni baraka ya kuanzia, na usiwadharau. Lakini biashara inaanza pale mtu asiyekujua anapotoa fedha yake, akarudi, akaja na mwenzake. Anarudi kwa sababu nguo ilimkaa vizuri na iliisha siku uliyoahidi. Mfanye huyo awe kipimo chako cha ubora.

Kisha tazama deni. Kitu kilichokopwa hakijauzwa mpaka kilipwe. Ukiwa na mauzo ya 55,000 na 15,000 kati ya hizo ni "nitakupa mwisho wa mwezi," umeuza 40,000. Kukopesha hakuepukiki katika mitaa yetu, na mkopo uliowekewa masharti huleta wateja waaminifu. Weka basi kiwango: nani anakopeshwa, mwisho kiasi gani, analipa lini, na hakopi tena kabla ya kumaliza la kwanza. Na kama wewe mwenyewe unachukua bidhaa kwa mali kauli, hakikisha wateja wako wanakulipa kabla ya siku uliyomwahidi mwenye mali. Aliyekupa mzigo kwa neno lako tu amekupa mtaji usio na riba, na ukilivunja neno hilo mara moja umeupoteza.

Jihadhari pia na kumtegemea mteja mmoja. Fundi anayeshona sare za shule moja tu ana kazi nyingi mpaka siku mwalimu mkuu atakapohamishwa. Ukiona zaidi ya nusu ya mauzo yako yanatoka kwa mtu mmoja, tafuta wa pili ukiwa bado na nguvu.

Hapa pia ndipo unapoweza kuwatambua wanaojiita wafanyabiashara na si wafanyabiashara. Uliza fedha inatoka wapi. Watanzania wengi wanaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Watu "walipanda mbegu" za fedha wakitarajia "kuvuna" zaidi, na kilicholipa mavuno ya waliotangulia kilikuwa mbegu za waliofuata. Kulikuwa na ofisi, wanachama na foleni ndefu. Kilichokosekana ni bidhaa ambayo mtu angeilipia kwa sababu anaihitaji. Mradi wowote ambao mapato yake yanategemea kuandikisha watu wapya badala ya kuuza kitu kwa anayekihitaji, hata kama una kikoba cha sabuni na vidonge vya lishe mbele yake, usiweke mtaji wako humo.

Kipimo cha nne: je, daftari lako linaweza kusema bila wewe?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee hawakusema mali nyingi, walisema mali. Nunua daftari la kurasa mia na uchore safu tano: tarehe, maelezo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, salio. Kila jioni kabla ya kulala jaza ya siku hiyo, hesabu fedha iliyoko mkononi na kwenye simu, ulinganishe na salio. Zisipolingana, andika tofauti na uitafute. Wiki mbili za mwanzo hazitalingana karibu kila siku. Usikate tamaa, kutolingana huko ndiko kunakokuonyesha tundu liko wapi.

Nyuma ya daftari tenga kurasa tatu. Ya kwanza ni ya wanaokudai. Ya pili ni ya unaowadai. Ya tatu ni ya mali iliyopo: kila mwisho wa mwezi hesabu mzigo wote uliobaki na uandike thamani yake kwa bei ya kununulia. Bila ukurasa huo wa tatu utadhani umepata hasara mwezi ulionunua mzigo mwingi, na utadhani umepata faida mwezi ulioumaliza bila kununua mwingine.

Daftari lina thamani hata mbele ya sheria. Kwa wafanyabiashara wadogo wasio makampuni, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutoza kodi ya makadirio kulingana na mauzo ya mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, asiyefikisha mauzo ya milioni 4 halipi. Mwenye mauzo ya milioni 8 akiwa na kumbukumbu za kuonyesha analipa shilingi 120,000 kwa mwaka: 90,000, na asilimia 3 ya kila kilichozidi milioni 7. Mwenzake mwenye mauzo yaleyale bila kumbukumbu analipa 250,000. Tofauti ya 130,000 ni bei ya kutokuwa na daftari. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha inayopitishwa kila Juni, kwa hiyo ulizia ofisi ya TRA iliyo karibu kila mwaka wa fedha unapoanza.

Angalia pia kwamba kinachopimwa ni mauzo, si faida. Yule muuza chapati wetu anadhani yeye ni mdogo mno kwa mambo ya kodi. Lakini hata ukiondoa zile chapati tisa, 50,500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 12, ni zaidi ya milioni 15. Ni karibu mara nne ya milioni 4. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 ya mauzo, ambacho TRA imekitumia miaka ya karibuni kwa walio kati ya milioni 11 na milioni 100, anadaiwa kama laki tano na nusu kwa mwaka, karibu shilingi 1,800 kwa kila siku ya kazi. Faida yake ya 1,000 haitoshi. Kwa hiyo kodi nayo lazima iingie kwenye hesabu ya bei tangu mwanzo, pamoja na unga na mkaa. Mradi unaosimama kwa sababu tu hakuna aliyekuja kuuhesabu unaweza kuangushwa na ziara moja ya afisa.

Kipimo cha tano: nini kinatokea usipokuwepo?

Utaumwa. Utafiwa. Utajifungua. Utasafiri kwenda kijijini. Siku hizo mradi unafanyaje? Ukifunga kabisa na mapato yakawa sifuri, una kazi ya kujiajiri, na kazi hiyo ni halali na ya heshima. Lakini biashara inapaswa kuanza kuwa na uhai nje ya mwili wako.

Huhitaji kuajiri watu watano. Anza kwa kuandika unachokijua: unga kiasi gani, mafuta kiasi gani, nani anauza gunia la mkaa kwa bei nzuri, wateja gani huagiza na kwa siku zipi. Kisha mfundishe mtu mmoja mpaka aweze kuendesha siku nzima bila kukupigia simu. Mwache afanye hivyo siku moja kwa wiki, umlipe ujira ulioandikwa, na jioni umfungie hesabu kwa daftari. Siku hiyo ndiyo utajua kama bei yako kweli inabeba gharama ya kazi. Ukimlipa na bado kikabaki kitu, umepita kipimo ambacho miradi mingi haifiki.

Chagua mtu kwa uangalifu, na mkubaliane kwa wazi hata kama ni mpwa wako. Kumfanyisha kazi binti wa ndugu kwa "chakula na malazi" bila ujira kunaficha gharama, na zaidi ya hapo si haki.

Sasa tuje kwenye karatasi

Ukishaona mradi unapita vipimo hivi, hata kwa taabu, urasimishe. Mpangilio wake Tanzania ni huu:

TIN. Hii ni namba ya utambulisho wa mlipakodi. Inatolewa na TRA bila malipo, na utahitaji namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Muulize afisa kama mauzo yako yanakulazimu kuwa na mashine ya kielektroniki ya risiti (EFD).

Jina la biashara. Linasajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Elewa jambo moja: kusajili jina hakukutenganishi na biashara mbele ya sheria. Biashara ikidaiwa, unadaiwa wewe, na mali yako inaweza kuguswa. Kampuni ndiyo inayosimama kama mtu wa peke yake kisheria, lakini inakuja na wajibu mkubwa zaidi wa hesabu na taarifa za kila mwaka. Kwa wengi wanaoanza, jina la biashara linatosha.

Leseni. Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972, na imegawa leseni katika madaraja mawili. Daraja A linashughulikiwa na BRELA; daraja B, ambalo ndilo la biashara nyingi za mtaani, linatolewa na halmashauri yako. Leseni hudumu mwaka mmoja, basi iweke kwenye bajeti kila mwaka.

Vibali vya kazi yako. Anayepika na kuuza chakula hupimwa afya na hukaguliwa na afisa afya. Bidhaa ya chakula au vipodozi iliyofungashwa inahitaji kuthibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia eneo hilo. Ukitaka kujifunza kufungasha au kusindika, nenda SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa kazi hiyohiyo na lenye ofisi mikoani.

Msomaji wa Kenya atapata namba ya mlipakodi (PIN) kutoka mamlaka ya mapato ya huko (KRA) na kibali cha biashara kutoka serikali ya kaunti. Ofisi zinatofautiana lakini vipimo vitano ni vilevile.

Mkopo uje baada ya haya yote. Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni nafasi nzuri, na nakuhimiza uiulizie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Lakini mkopo unakuza kile kilichopo. Ukikopa ili kupika chapati 300 kwa siku wakati kila chapati inauzwa chini ya gharama, umekopa ili kuharakisha hasara.

Ukikuta kwamba bado si biashara

Usijilaumu na usimfiche mtu. Una njia nne, na zote ni za kweli.

Ya kwanza ni kurekebisha: kununua kwa jumla, kupunguza kinachoharibika, kuongeza bei kidogo ukiwaeleza wateja sababu, au kubadilisha ukubwa wa bidhaa bila kuwadanganya.

Ya pili ni kubadilisha kinachouzwa. Pengine mikono yako inalipwa vizuri zaidi kwa maandazi ya oda za ofisini kuliko chapati za barabarani. Daftari la miezi miwili litakwambia bidhaa ipi inabeba na ipi inabebwa.

Ya tatu ni kuendelea huku ukijua. Mtu anaweza kuamua kuuza ubuyu na barafu ili kupata fedha ya mboga, na haihitaji kuwa zaidi ya hapo. Basi usiuwekee mkopo, usiuze shamba kwa ajili yake, na usimwachishe mtoto shule aje asaidie.

Ya nne ni kufunga. Kufunga mapema ukiwa na nusu ya mtaji ni uamuzi wa busara kuliko kusubiri uishe wote pamoja na heshima yako kwa wanaokudai.

Mwezi mmoja wa kujipima

Wiki ya kwanza: nunua daftari, fungua laini au akaunti ya biashara, andika kila shilingi inayoingia na kutoka. Usibadilishe kitu kingine.

Wiki ya pili: piga hesabu ya gharama ya kitu kimoja, ukiweka kazi yako, vifaa na kodi. Linganisha na bei unayouzia. Acha kuuza chochote chini ya gharama.

Wiki ya tatu: andika orodha ya madeni yote, uanze kuyafuatilia kwa lugha nzuri. Anza kujilipa ujira, hata kama ni mdogo.

Wiki ya nne: mwache mtu mwingine aendeshe siku moja. Mwisho wa wiki hesabu mzigo uliobaki.

Ukimaliza, fungua ukurasa mpya uandike namba tatu: mauzo yaliyolipwa mwezi mzima, gharama zote pamoja na ujira wako, na tofauti kati ya hizo mbili. Tofauti ikiwa juu ya sifuri, una biashara, na hatua inayofuata ni TIN na leseni. Ikiwa chini, chagua njia mojawapo kati ya zile nne, iandike chini ya namba hizo pamoja na tarehe utakayopima tena, na usikope hata shilingi moja kabla ya tarehe hiyo.